Miadi ya Wifi

Mhandisi wa programu alifika mahakamani Alhamisi saa tisa kasoro robo mchana, akakuta mhudumu anapiga deki ukumbi namba mbili. Mabenchi yalikuwa yamesukumwa ukutani.

"Kesi ya malezi ya mtoto iko ukumbi upi?" alimuuliza karani aliyekuwa akifunga madirisha.

"Ilikuwa humu, saa tatu asubuhi. Uliitwa mara tatu, hukuonekana. Baba wa mtoto alikuwepo. Hakimu atasoma uamuzi Jumatatu, na kwa hali ilivyo, mtoto anakwenda kwa baba."

Mhandisi alitoa simu na kufungua kalenda yake ya mtandaoni. Ilionyesha saa tisa mchana. Karani aliitazama, akatikisa kichwa.

"Mahakama haikubadilisha saa, mama. Kama kuna mtu ameichezea hiyo, nenda polisi sasa hivi. Wakileta ushahidi kabla ya Jumatatu, hakimu anaweza kuisikiliza upya. Bila hivyo, maji yakishamwagika hayazoleki."

Saa kumi na moja alikuwa amekaa mbele ya Inspekta wa kitengo cha makosa ya mtandao, mwanamke mfupi ambaye wenzake walimwita Sindano, kwa kuwa maswali yake yalikuwa madogo lakini yaliingia. Pembeni ya mhandisi alikaa mwanamke mwingine, amemshika mkono.

"Na wewe ni nani?" Sindano aliuliza.

"Mimi ni msanifu wa kurasa, tuko ofisi moja. Tena ni shangazi wa mtoto. Nimemlea tangu akiwa wa kubebwa."

Sindano alimgeukia mhandisi. "Kikao cha mwanao mwenyewe, ukasahau saa?"

"Nilikumbuka saa tatu. Lakini jana jioni nilipotazama, kalenda ilisema saa tisa. Mahakama huahirisha kila siku, nikadhani wametusogeza mbele. Niliiamini kalenda kuliko kichwa changu."

"Nani anaweza kuifungua?"

"Ofisi nzima. Tunaye msaidizi wa akili mnemba anayetusaidia kuandika programu. Bosi alimuunganisha na kalenda za wafanyakazi wote ili vikao vipangwe haraka. Hubonyezi kitu; unafungua dirisha jeusi kwenye laptopu, unaandika amri, naye anasogeza au anafuta."

"Leo mtoto alale kwangu," msanifu alisema kwa upole. "Wewe pumzika, dada."

"Hapana. Leo nataka kumsikia akipumua."

Jioni ile Sindano alikwenda kwanza kwa mtu ambaye kila mmoja angemshuku, yaani mtalaka wa mhandisi. Alikuwa fundi wa miwani, na alimkuta akisaga kioo.

"Umefurahi leo?" Sindano aliuliza.

"Nimeshangaa. Yule mwanamke hachelewi hata kwenye ugomvi. Nilimwomba hakimu amsubiri kidogo, muulize karani."

"Unalijua neno lake la siri?"

"Inspekta, mimi nikitaka kutuma picha namwita kijana wa duka la pili. Nilitaka kushinda kesi, sikatai. Lakini nilitaka tushindane."

Karani aliulizwa kwa simu, akathibitisha. Fundi miwani akatoka kwenye hesabu.

Ijumaa asubuhi Sindano aliingia katika ofisi ya kampuni, ghorofa ya tatu, na bosi akampokea mlangoni kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

"Nimekuokolea muda," alisema. "Miadi ilisogezwa Jumatano saa saba mchana, na aliyeisogeza ni msaidizi. Akaunti yake ni moja kwa wote, na mazungumzo yamefutwa. Lakini mstari wa kwanza hubaki kama kichwa cha habari. Soma."

Kwenye kioo cha kompyuta yake yalikuwa yameandikwa maneno haya: *Sogeza miadi ya wifi ya kesho asubuhi, iwe saa tisa mchana. Usimtumie taarifa.*

"Wifi ni kazi ya fundi wetu wa mtandao," bosi aliendelea. "Alikuwa na matengenezo ya wifi Alhamisi asubuhi. Alitaka kujisogezea, mashine ikashika miadi isiyo yake, akaona aibu akafuta. Nimemwambia akusanye vitu vyake."

Fundi mtandao alikuwa amekaa juu ya boksi lililojaa nyaya, macho mekundu.

"Jumatano saa saba ulikuwa wapi?" Sindano alimuuliza.

"Chumba cha mitambo, nakula. Peke yangu. Najua jibu hilo halinisaidii."

"Na matengenezo ya wifi?"

"Niliyafanya Alhamisi saa tatu, kama yalivyopangwa. Kwa nini niyasogeze? Halafu msaidizi wangu nimemzoeza. Nikimwandikia 'mzee' anajua nasema bosi. Nikimwandikia 'wifi' anakwenda kwenye mtandao. Kila mtu amemzoeza wa kwake, kwenye laptopu yake."

"Kila mtu? Kila laptopu ina kumbukumbu zake?"

"Ndiyo. Akaunti moja, lakini mazoea mbalimbali."

Sindano alirudi kwenye kioo, akausoma ule mstari tena, safari hii kwa sauti. Akasimama kwenye neno moja. Kisha akamwomba bosi awaite fundi mtandao, mhandisi na msanifu kwenye chumba cha mikutano, kila mmoja na laptopu yake.

"Fundi, fungua dirisha lako," alisema walipokaa. "Andika: nionyeshe miadi ya wifi ya wiki ijayo."

Fundi aliandika. Jibu likaja: matengenezo ya wifi, ghorofa ya pili, Jumanne.

"Sasa wewe, msanifu. Andika maneno hayo hayo."

Msanifu hakugusa laptopu yake. "Mimi sishughuliki na mtandao."

"Andika tu."

Aliandika polepole. Kioo kikajaa. Jumatatu, kikao na mteja. Jumanne, kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno. Ijumaa, mkutano wa wazazi shuleni. Ilikuwa wiki nzima ya mhandisi.

Bosi aliinama kutazama. "Mbona sielewi?"

"Ulisoma kwa macho ya kompyuta," Sindano alisema. "Aliyeandika alisema 'usimtumie taarifa'. Mtandao hautumiwi taarifa, anayetumiwa ni mtu. Basi wifi huyo ni mtu. Na mwanamke humwita nani wifi? Mke wa kaka yake. Dada huyu alinieleza mwenyewe kuwa ni shangazi wa mtoto. Shangazi wa mtoto ndiye wifi wa mama."

"Kazini tulikubaliana kuitana dada," mhandisi alisema kwa sauti ndogo, "ili mambo ya nyumbani yabaki nyumbani." Akamgeukia mwenzake. "Kaka yako ndiye aliyekutuma?"

"Hajui lolote." Msanifu alifunga laptopu. "Niliona barua yako ya kazi, ile ya mji mwingine. Miaka sita nimemlaza, nimemwogesha, nimemfunga nywele. Nyumba yangu haina mtoto. Nilijua akikaa kwa kaka yangu, nitamwona kila siku. Ukiondoka naye, nitamwona kwenye picha."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa jibu."

"Ile kazi niliikataa wiki iliyopita," mhandisi alisema. "Nilikuwa nasubiri kesi iishe nikwambie. Kwa sababu yako, wifi. Nani angenilelea huko?"

Msanifu alifunika uso kwa viganja. Sindano alimwacha alie, kisha akamweleza kwamba sheria itachukua mkondo wake, akamwomba asimame. Bosi alilinyanyua mwenyewe boksi la nyaya, akalirudisha chumba cha mitambo. Fundi alimfuata nyuma akisema, "Taratibu, mzee, hiyo ya juu ni ghali."

Jumatatu hakimu alipokea maelezo ya Inspekta. Fundi miwani akasimama kabla hajaulizwa, akasema naye anaomba kesi isikilizwe upya, kwani ushindi wa namna ile ungemkaa kooni. Ikasikilizwa siku hiyo hiyo. Kufikia saa sita uamuzi ulikuwa umesomwa: mtoto abaki kwa mama, baba awe naye mwisho wa wiki na likizo.

Mhandisi alikwenda kwa miguu hadi shuleni. Mabega yake, aliyoyabeba kama magunia tangu Alhamisi, yalishuka yenyewe njiani. Mtoto alitoka getini kamba ya kiatu ikiburuta, akapewa kumbatio refu mpaka akaanza kujinasua.

"Tunabaki pamoja, mwanangu," mama yake alimwambia.

Mtoto alimtazama kwa mshangao. "Kwani nani alikuwa anakwenda wapi?"

Mhandisi alicheka mpaka akashika nguzo ya geti, kisha akapiga goti, akamfunga kamba ya kiatu.