Damu ya Kope

Ijumaa, tarehe 12 Machi 1999, saa tatu na dakika kumi asubuhi, damu ilikataa kukoma. Daktari mgeni alikuwa amekata ngozi iliyoning'inia kwenye kope ya kulia ya Nyirarukundo. Ya kushoto hakuthubutu kuigusa. Alishona haraka, akaapa kwamba mgonjwa amekunywa aspirini, inayozuia damu kuganda. Kesho yake alikuwa anaondoka Gisenyi.

Nesi Kaltumu alichukia kweli. Ndiye aliyemwandaa: wiki mbili bila aspirini, bila dawa za kienyeji, bila wanja. Sasa mwanamke wa watu angebaki na jicho moja wazi na jingine limefunikwa.

"Mi sikumeza kitu, Mama Kaltumu," Nyirarukundo alisema kwa sauti ya usingizi.

Nje, ukungu wa ziwa ulilala juu ya mtaa wa Mbugangari, na wapita njia walionekana kama wanaelea. Kaltumu alianza kwa Twahir, muuza dawa.

"Ulimuuzia aspirini?"

"Hapana! Kichwa kilimuuma, nikamupa parasetamo. Ye mwenyewe alisema daktari amekataza aspirini."

Saa tano alifika kwa Mukashyaka, dada mkubwa wa mgonjwa, fundi cherehani. Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa kilicholowa damu.

"Umeumia?"

"Sindano tu. Jana jioni."

"Jana! Na mpaka sasa damu iko inatoka?"

Mukashyaka akaficha mkono. Kaltumu akaketi polepole.

"Ile bushera, kinywaji cha mutama ulikuwa unamupelekea kila jioni, nani alikunywa wa kwanza?"

"Mi. Hauwezi kumupa mutu kinywaji bila kuonja, we unajua."

"Bon. Basi aspirini uliyotia ulikunywa na wewe."

Mukashyaka akaanza kulia.

"Nyumba yetu iliungua na picha zote. Sura ya mama imebaki kwa zile kope za mudogo wangu tu. Nilifikiri daktari ataona damu iko nyepesi, ataacha."

Kaltumu alimhurumia, na huruma hiyo ikamuudhi zaidi. Akamshika mkono hadi kliniki, ili akayaseme mwenyewe mbele ya mdogo wake.

Nyirarukundo alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalipita chini ya bandeji.

"Dada, umesahau? Mama alikuwa anainua kope na kidole, ndiyo aone sura zetu. Kila siku alikuwa anatutafuta."

Mukashyaka alisogea karibu na kitanda, na mdogo wake akainua kope ya kushoto kwa kidole ili amtazame.