Taa Nyekundu ya Gari la Skuli

Kila jioni, baada ya kutoka chuo cha Kurani, Ummkulthum alikuwa na kazi moja asiyopenda kumwachia mtu: kuisafisha mikasi ya mama yake. Bi Mwatum alikuwa fundi cherehani pale Konde, na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Basi Ummkulthum alichovya unyoya wa kuku katika mafuta ya nazi, akapaka mikasi, bawaba za mlango, hata kufuli la kabati. Kaka zake walimtania kwamba ipo siku atampaka na jogoo.

Darasa lao la sita lilikuwa na gari dogo la rimoti, zawadi ya mzazi mmoja aliyefanya kazi Maskati. Jumamosi jioni wazazi wangekuja kwenye maonyesho ya sayansi, na gari hilo lilitakiwa lipande kilima cha mbao likivuta kigari chenye mfuko wa karafuu. Dereva alikuwa Fahd. Bibi yake alikuwa anatoka Wingwi makusudi kuja kumwona, na kwa wiki nzima Fahd hakuwa na hadithi nyingine.

Alhamisi Ummkulthum alikwenda na gari kwao kulisafisha. Ijumaa Fahd akalichukua kuchaji betri, kwa kuwa umeme wa skuli ulikuwa wa kubahatisha. Jumamosi asubuhi wakalijaribu. Gari lilifika nusu ya mbao, likasimama, na taa ndogo nyekundu ikawa inawaka na kuzimika. Wakasubiri kidogo, likasogea, likasimama tena.

"Betri imekwisha," alisema Othman, mwanafunzi mwenzao. "Fahd jana kalichezea huko kwao mpaka kaimaliza."

"Mie sijalichezea," Fahd alijibu. "Nimechaji betri, nikalifunika gari na kanga ya mama."

"Basi mbona haliendi?"

Fahd akabonyeza tena rimoti, taa nyekundu ikawaka. Wenzake wakamnyang'anya rimoti, wakampa Othman.

"Bora ungesema kweli tu, Fahd," Ummkulthum alimwambia. Alisema kwa upole, na aliamini anamsaidia. Fahd alikwenda kukaa kwenye ngazi za skuli peke yake, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu Mwanamize alipokuja na mita yake ya kupimia umeme, Othman alimwahi. "Mwalimu, kaka yangu anasema kuna kipini kwenye kisanduku hiki. Ukikihamisha, gari halizimiki tena."

"Usikiguse," alisema Mwalimu. "Kisanduku hiki ni kidhibiti mwendo. Kikiona umeme unaokifikia umepungua, kinaikatia mota ili betri isiharibike. Hiyo taa inatupa habari. Mtu akikuletea habari, unamziba mdomo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi tuisikilize."

Akachomoa betri, akaipima. Akaitazama mita, akaipima tena.

"Betri imejaa," alisema. "Fahd kachaji vizuri."

Othman aliiangalia rimoti mkononi mwake kana kwamba imekuwa nzito.

Mwalimu alirudisha betri, akalishika gari juu juu, Othman akabonyeza rimoti na magurudumu yakazunguka hewani. Safari hii akaupima umeme unaoingia kwenye kidhibiti. Ulikuwa umeshuka sana. "Kwenye betri umejaa, hapa umepungua. Unapotelea njiani. Na njiani kuna nini?"

"Plagi ya betri tu," alisema Ummkulthum.

"Iguse, lakini taratibu."

Plagi ilikuwa ya moto. Alipoinama kuiangalia, harufu ya mafuta ya nazi ikampanda puani. Alikumbuka Alhamisi: unyoya, plagi, na gari aliloliacha barazani huku magari ya abiria yakipita na kutimua vumbi. Mafuta yale yalikuwa yameshika mchanga, na plagi haikuweza kukaa sawasawa, umeme ukawa unapita kwa shida.

Hakuna aliyemwona akipaka. Mafuta ya nazi yako kila nyumba, na angeweza kunyamaza. Aliona aibu kubwa kuliko aliyowahi kuiona. Kisha akamtazama Fahd pale ngazini, akakumbuka maneno aliyomwambia asubuhi ile.

"Mwalimu, ni mie," alisema. "Niliipaka plagi mafuta ili isishike kutu. Fahd hana kosa. Fahd, nisamehe. Nimekwambia useme kweli, na kweli ulikuwa umeshaisema."

"Nimekusamehe," alisema Fahd.

Mwalimu aliisugua plagi kwa kitambaa na spiriti mpaka mchanga wote ukatoka, akaichomeka ikakaa imara. Gari likapanda mbao hadi juu bila kusita, na taa nyekundu haikuwaka.

"Ummkulthum, usafi wako si kosa," alisema Mwalimu. "Umefanya usichokijua, na hilo hutupata sote. Lakini nyote mlimhukumu mwenzenu kabla ya kupima chochote. Kupima betri ni kazi ya dakika moja. Siku nyingine kitu kikiharibika, tafuteni kwanza kilichoharibika, sio mtu wa kumlaumu. Na ukijua kosa ni lako, liseme hapo hapo, kama ilivyofanya taa hii."

Othman alikwenda mwenyewe mpaka kwenye ngazi, akamrudishia Fahd rimoti.

Jioni bibi wa Wingwi alikaa benchi la mbele na buibui lake jipya. Kabla ya kuliwasha gari, Fahd alimgeukia Ummkulthum.

"Hukulipaka tena?"

"Hata tone," alijibu Ummkulthum, akamwonyesha mikono yake miwili, mikavu.