Mke Wangu Alisimama Mstari wa Mwita

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya mpinzani wangu, Mwita!

Ndiyo. Violeth, mama wa watoto wangu... mbele ya mtaa mzima!

Niwaeleze, ndugu zangu. Ilikuwa kura ya maoni ya chama chetu hapa Geita, kumpata mgombea uenyekiti wa mtaa. Hakuna karatasi. Wagombea mnageukia ukuta, wanachama wanapanga mstari nyuma ya yule wanayemtaka, kisha mnaambiwa mgeuke.

Na kampeni yangu niliijenga juu ya neno moja: "Nyumba imara ina sauti moja. Kwangu hata kuku wananiunga mkono!"

"Baba Eliya, kuku wako wapi?" mtu akapaza sauti.

Mtaa ukaangua kicheko. Nikashindwa.

Nyumbani hata sikukaa.

"Umenivua nguo, Violeth!"

"Mwita ataanza na bomba la maji. Wewe ulisema utaanza na ofisi. Maji nachota mimi, Baba Eliya."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

"Funga mizigo. Nenda kwenu!"

Hakulia. Akachukua watoto, akapanda gari la Kahama... kwao Kagongwa.

Jamani, kimya cha nyumba kinaua! Nililala sebuleni, chumbani sikuweza kuingia. Nikaishi kwa michembe, vile viazi vikavu, na chai ya rangi. Simu nilipiga hadi aibu. Haipokelewi.

Jumapili nikamvaa Mwita nyumbani kwake.

"Umenivunjia ndoa! Ingekuwa wewe ungevumilia?"

Akanitazama kama mgonjwa.

"Kwani Paskalia alisimama mstari gani?"

Paskalia ni mkewe. Alikuwa pale uani anapepeta mchele.

"Nilisimama kwako, shemeji," akasema bila kuinua macho. "Huyu bwana namjua. Kuamka tu asubuhi, mpaka tuitishe mkutano."

Mwita akacheka hadi akakohoa. "Na jioni ile ile akanisongea ugali!"

Siku ile nilimtafuta asiyekuwepo kwenye mstari wangu... waliokuwepo sikuwatazama.

Kesho yake nikaenda Kagongwa. Violeth akanisimamisha mlangoni.

"Nimekosa, Mama Eliya. Rudi. Simama mstari wowote unaoutaka."

"Nilisimama ninaoutaka. Ukanifukuza."

"Nisamehe..."

"Nimekusamehe. Ila juzi walipita wanaandikisha wapiga kura. Nimejiandikisha hapa."

Akafunga mlango.

Wanaume wenzangu, msinipe pole, tazameni ukweli. Nyumba mbili, mtaa mmoja, zote kura ziligawanyika. Moja imevunjika, nyingine inacheka uani.

Kwa hiyo kura haikuvunja kitu. Nimetafuta tofauti ya nyumba hizo mbili kila upande...

Ninayoiona ni mimi.