Kila Jumatatu, Kislovenia

Toroli iliyobeba skrini sita ilikanyaga pindo la abaya ya Khawla katikati ya maonyesho ya kompyuta, mbele ya nusu ya watu wa Maskati, na pindo likachanika kama karatasi.

"Uwi!" alilia Khawla.

"Asif, ukhti, asif!" Kijana aliyekuwa akiisukuma alichomoza kichwa nyuma ya skrini. Alivaa dishdasha ya rangi ya maziwa na kofia iliyolala upande, na harufu ya udi ilikuwa imemtangulia. "Ngoja. Umelia 'uwi'? Kumbe Mswahili mwenzetu! Basi nisamehe, dada. Nna macho mawili, leo yote yalikuwa kwenye hizi skrini."

"Na miguu je, nayo ilikuwa wapi?" alijibu Khawla, kisha akajishangaa. Yeye alikuwa mtu wa kukaa na kiu siku nzima kuliko kumwambia mwenzake ampishe afikie maji.

Kijana aliitwa Humam, fundi wa duka moja la kompyuta mtaa wa Ruwi. Khawla alikuwa karani wa ofisi ya safari mtaa wa Azaiba, na siku hiyo, mwaka 2003, alikuwa ametumwa kuchagua kompyuta ya ofisi. Akazunguka maonyesho yote, akarudi akainunua kwa Humam.

Mashine ililetwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi simu ya Humam ililia.

"Humam? Kompyuta yako inasema lugha nisiyoijua."

"Lugha gani?"

"Si nimekwambia siijui! Nlikuwa nakitafuta Kiswahili kwenye ile orodha ya lugha. Hakimo. Nikabonyeza hapo hapo nilipofika."

"Nisomee herufi."

"S, l, o, v, e, n..."

Humam alicheka mpaka akakohoa. "Kislovenia! Bibi weye, umetupeleka Ulaya bila viza. Haya, usiogope. Mimi nami sikijui, lakini nnajua kila kitu kilipokaa. Hesabu kutoka juu, mstari wa tatu. Bonyeza. Sasa unaona vitufe viwili chini?"

"Kimoja 'V redu', kingine 'Prekliči'."

"Cha kwanza ndicho cha 'sawa'. Bonyeza hicho. Cha pili usikiguse, kitavunja yote tuliyoyafanya."

Skrini ikarudi kwenye Kiingereza. Hakuna aliyekata simu.

"Watu milioni mbili tu wale," alisema Humam, "na lugha yao imo. Sisi hatumo."

"Labda hatujaomba," alisema Khawla taratibu.

Wiki nzima sauti ya Humam ilikaa naye. Jumatatu iliyofuata aliwahi kufika kabla ya meneja, akafungua orodha, akakichagua Kislovenia kwa mkono wake mwenyewe.

"Humam? Imerudia."

Safari hii Humam alikuja mwenyewe. Akaja Jumatatu ya tatu, akaja ya nne. Alikuwa na kidaftari alichoandikia maneno ya Kislovenia, na Khawla akimsomea kwenye skrini: *odpri*, fungua; *shrani*, hifadhi.

"Na pindo lile umelifanyaje?" Humam alimuuliza siku moja, macho yake kwenye darizi ya zambarau iliyofunika mahali palipochanika.

"Nimelidarizi. Nangoja toroli nyingine."

Filomena, mama wa Bukoba aliyepika chai ya ofisi, aliweka trei mezani. "Dada Khawla, hii kompyuta ina malaria? Homa kila Jumatatu, na daktari ni yule yule!"

"Nyamaza, Filomena!"

"Kwani nimesema nini? Nimeleta chai. Vikombe viwili, kama kawaida."

Jumatatu ya tano alikuja fundi mwingine, mtu mzima asiyetabasamu. Khawla akajikaza akamuuliza Humam yuko wapi.

"Kaondoshwa. Meneja wenu kaandika barua: mashine moja, safari tatu. Mzee Musallam, mwenye duka, kasema fundi asiyeweza kutengeneza kitu kimoja akabebe makartoni ghalani. Na mwezi ujao alikuwa akabidhiwe karakana, maskini."

Khawla alimpigia Humam. Simu ililia, haikupokewa. Akapiga tena, na tena. Amenichoka, aliwaza. Nani asingemchoka mwanamke wa kumharibia kazi?

Chai ikapoa mbele yake.

"Unalia nini?" Filomena alimwuliza. "Si kompyuta imepona?"

"Haikuumwa hata siku moja."

Filomena alikaa kitini, jambo ambalo hakulifanya kamwe saa za kazi. "Basi nenda ukaseme."

"Mbele za watu?"

"Yeye ameaibishwa mbele za watu."

Duka la Ruwi lilikuwa limejaa. Mzee Musallam alikaa nyuma ya meza na kilemba chake cha kijani, akibishana na wateja watatu kwa mpigo. Khawla alisimama mbele yake, vidole vimelishika pindo la zambarau. Nyuma kabisa alimwona Humam akipita na kartoni begani.

"Kompyuta yetu haina kosa," alisema. Hakusikika. Akavuta pumzi. "Ammi Musallam! Kompyuta haina kosa, na fundi hana kosa. Ni mimi. Nnaigeuza mwenyewe, kila Jumatatu."

Wateja wote wakageuka kumtazama.

"Kwa nini, binti yangu?"

Khawla akatazama sakafu. Mzee Musallam akamtazama Khawla, kisha Humam, ambaye kartoni ilikuwa ikimteleza begani, na masharubu ya mzee yakaanza kucheza kwa tabasamu.

"Humam, ulijua?"

"Tangu Jumatatu ya pili. Mashine inaandika saa lugha ilipobadilishwa. Saa mbili kasoro tano, kila mara."

"Ukanyamaza, ukabeba makartoni?"

"Ningesema nini, Ammi? Nimtaje mtoto wa watu dukani?"

"Na simu?" Khawla alinong'ona. "Hukupokea."

Mzee Musallam akavuta mtoto wa meza, akatoa simu ya duka aliyomnyang'anya Humam. "Imenililia humu mara kumi na moja. Nikasema, mteja gani huyu, ana mapenzi na kompyuta kiasi hiki?"

Wateja wakaangua kicheko. Khawla alitamani sakafu immeze, lakini naye alikuwa akicheka.

Karakana Humam alikabidhiwa, na simu akarudishiwa. Alhamisi jioni alimpigia Khawla nyumbani kwao Mabela.

"Khawla. Mama anataka kuja kwenu kesho baada ya sala ya Ijumaa. Keshapika halua. Nimwambie nini?"

Jibu alikuwa nalo tangu siku ya toroli. Akafumba macho.

"V redu," alisema.

Humam alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Na kwa Kiswahili je?"

"Kiswahili hakimo. Ulisema mwenyewe."

"Basi tutakitia, mimi na wewe. Haya, anza."

"Sawa," alisema Khawla. "Mwambie aje."