Sura Ambayo Generoza Hakuiandika

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa pongezi. Msomaji mmoja wa Mwanhuzi alimwandikia Generoza kwenye WhatsApp kumshukuru kwa riwaya yake, hasa ile sura ambayo Mungu anaingia ndani, anavuta kiti na kumwuliza mjane jina lake.

Generoza, mwalimu mstaafu wa Somanda, aliusoma mara mbili. Sura hiyo hakuiandika. Katika kitabu chake mjane anahangaika kumtafuta Mungu, kisha siku moja, akiwa anachuma pamba, moyo wake unatulia. Basi. Hakuna kiti wala mgeni.

Akadhani msomaji kachanganya vitabu. Lakini wiki ileile wakaandika wengine sita wasiojuana, wote wakiisifia sura hiyo. Wawili walisema mgeni amewafikia hata nyumbani, na ana harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe. Generoza alipekua nakala yake ukurasa kwa ukurasa. Haikuwamo.

Ndipo Bujiku, mkulima wa Lalago, akapiga simu. Mkewe Minza, aliyeisoma riwaya hiyo, ana siku tano hali chakula, amekaa tu akitazama kiti kitupu.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa, "njoo umwambie mwenyewe kwamba ulitunga."

Asubuhi iliyofuata Bujiku alimpokea kwa salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", bila kuinua macho. Alikuwa amemwita pia Sheikh Abubakari, anayesomea watu wenye majini. Ndani, kati ya mafurushi ya pamba, Minza alikuwa akitabasamu, amebaki mifupa mitupu, na harufu ya ngozi mbichi ikamjaa Generoza puani, na kile kiti kisichokuwa na mtu kikalia kwa uzito, kikalia tena, kama mtu anayejigeuza taratibu ili amtazame vizuri aliyeingia, huku sheikh akisoma na jasho likimchuruzika mpaka kwenye ndevu.

Sheikh akauliza nani aliyekifungulia kitu hicho mlango.

"Huyu," Minza alijibu kwa sauti nzito isiyokuwa yake, akimnyooshea Generoza kidole. "Tangu azike mumewe ananiita. Nimekuja, mwalimu. Sema tu kuwa ni mimi."

Ni kweli aliita. Miaka tisa alipiga magoti asijibiwe, hata kwa ndoto, na kitabu kizima kilikuwa kilio chake. Sasa kuna aliyekuja. Nusura apige magoti. Kisha akaona midomo ya Minza ilivyopasuka kwa njaa.

"Niliyemwita mimi," alisema, "hawezi kumnyima mtu chakula."

Kiti kikaanguka chali. Sheikh alipandisha sauti, kitu kikapita mlangoni kwa kishindo, mbuzi uani wakakata kamba. Harufu ikaisha.

Minza alikunywa uji kijiko kwa kijiko kutoka mkononi mwa mumewe, machozi yakimtoka. Hakumlaumu mtu. Aliuliza jambo moja tu.

"Sasa mimi nitamsubiri nani, mwalimu?"

Generoza alikichukua kijiko kwa Bujiku, akaendelea kumlisha.