Wenye Njaa Chini ya Saruji

Dobi alikuwa amechoka, na hakuwa na nafasi ya kulisema hilo. Alfajiri alifagia ua mpaka ardhi ikang'aa. Kisha aliloweka nguo za watu, akafua, akasuuza, akaanika. Maji machafu, yenye sabuni na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, aliyamwaga nyuma ya nyumba. Mchana alijaza mkaa kwenye pasi, akapiga pasi mpaka mgongo ukagoma. Jioni alipika. Kulipokucha alianza upya.

Nyumba yao ilikuwa hatua arobaini kutoka jalala la zamani. Jalala hilo lilifungwa miaka mingi iliyopita. Taka zilisawazishwa, zikafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, zikashindiliwa. Mgeni angedhani ni kilima tu. Lakini jua likiwa kali, harufu ya uozo ilipita. Na nyuma ya nyumba hapakuota hata jani moja. Dobi aliona fahari kwa hilo. Mama yake alimlea akijua kwamba ua safi ni ua mtupu.

Mume wake alikuwa mwashi. Tope la maji ya kufulia lilimchosha, na harufu ilimchosha zaidi. Alipobakiza mifuko michache ya saruji kwenye kazi fulani, aliisakafia ardhi yote ya nyuma, kuanzia ukutani hadi chini ya kilima.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama watoto," alisema akinawa mikono. "Ile harufu nimeiziba mdomo."

Kweli, nje harufu ilipungua. Ilihamia ndani.

Dobi alianza kuumwa kichwa akiwa chumba cha pasi. Mume alisema ni moshi wa mkaa. Dobi alimeza dawa, akaendelea. Nguo za watu hazingoji.

Alasiri moja, baada ya mvua kubwa, aliipuliza pasi ili mkaa ukolee. Kaa moja likadondoka kwenye ufa mwembamba kati ya sakafu na ukuta. Alidhani litazima. Badala yake ulitokea mwali wa buluu, hafifu, ukatambaa kwenye ufa kama mjusi. Ukashika pindo la shuka. Dobi alinyakua nguo mbichi kwenye beseni, akazitupa juu ya moto, akakanyaga. Moto ulipozima, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko.

Watoto walikuwa shuleni. Hilo peke yake ndilo alilomshukuria Mungu.

Siku hiyo hiyo walihamia kwa shemeji yake, wakalala wote kwenye mkeka mmoja sebuleni. Mume alisema basi, wang'oe mabati wakajenge kwingine. Dobi alimsikiliza mpaka mwisho. Tangu waoane walikuwa wamehama mara nne, na kila mara yeye ndiye aliyefunga vyombo.

"Mimi sihami tena," alisema. "Nimechoka hata kuchoka kwenyewe. Kama nyumba ina ugonjwa, itafutiwe dawa."

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya usafi ya mji, mkono ukiwa umefungwa bandeji. Walimpa mtaalamu wa majalala, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Watu walimwita Mama Mboji, kwa sababu alikuwa akiozesha taka za sokoni mpaka zikawa mboji, ule udongo mweusi wa mbolea.

Walipofika nyumbani, Mama Mboji alifungua madirisha yote kwanza. Kisha aliingiza mrija wa kipimo chake kwenye ufa. Kipimo kikalia. Akatoka nje haraka.

"Hakuna kuwasha moto humu," alisema. "Hakuna mkaa, hakuna sigara, hata taa msiiguse. Na hakuna mtu kulala mpaka niseme."

"Ni nini hicho?" aliuliza dobi.

"Methani. Taka zilizofukiwa zinaoza bila hewa, na zikioza hivyo zinatoa gesi hiyo. Inashika moto. Yenyewe haina harufu. Mnachonusa ni gesi nyingine zinazosafiri nayo. Mvua ikilowesha udongo juu, gesi inatafuta njia pembeni. Na saruji hii imeielekeza moja kwa moja chini ya nyumba yenu."

Mwashi alitazama viatu vyake.

"Ufa umezibwa, fundi," alisema Mama Mboji, "lakini ukuta nusura ulipuke."

Dobi aliuliza kwa nini miaka yote ya nyuma hawakuungua. Mama Mboji aliokota bonge la udongo chini ya kichaka, mbali kidogo na saruji, akaliweka kwenye kiganja kizima cha dobi. Alieleza kwamba ndani ya udongo kama ule wanaishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wako kwenye udongo na kwenye vinamasi duniani kote. Wengine chakula chao ni methani.

"Bakteria?" Dobi alikunja uso. "Hao si ndio wa magonjwa? Kazi yangu ni kuwaua."

"Wa magonjwa wapo. Hawa wangu hawana habari na wewe. Wanakula gesi kabla haijatoka juu. Ila wanataka vitu viwili: unyevu kiasi, na hewa. Ardhi ikishindiliwa kama sakafu, hewa haiingii. Ikijaa maji, hewa haiingii. Wewe dada ulifagia udongo wote laini, ukawamwagia na dawa ya nguo. Hata hivyo wachache walibaki wakijikongoja. Fundi akaja, akawamalizia kwa saruji."

"Kumbe tuliwaua wapishi tukabaki tunashangaa chakula kinachacha," alisema dobi.

"Walaji, si wapishi. Lakini umenielewa."

Kisha akasema la kufanya. Saruji yote ivunjwe. Wafanyakazi wa mji wachimbe mtaro kati ya nyumba na kilima, yeye akisimama na kipimo, wajaze mawe ili gesi ipande hapo badala ya kwenda nyumbani. Juu ya mawe iwekwe mboji iliyoiva, kina cha kutoka ncha za vidole hadi begani. Mbichi haifai, kwa kuwa yenyewe huoza na kuimaliza hewa.

"Saruji haijatimiza hata miezi miwili," mwashi alinung'unika. "Unataka nimvunje mtoto wangu."

"Baba watoto," alisema dobi, "chagua mtoto."

Mwashi alichukua nyundo siku ile ile. Alivunja kwa siku tatu.

Mtaro ulichimbwa, mawe yakajazwa, mboji ikaletwa kwa mkokoteni. Nyufa za sakafu zilizibwa vizuri, na matundu ya hewa yakatobolewa ukutani. Dobi alipanda nyasi juu ya mboji. Maji ya kufulia aliyapeleka kwenye mfereji wa barabarani, ndoo kwa ndoo, kwa mkono mmoja. Siku za jua alinyunyiza maji safi kidogo kwenye nyasi. Watoto walipigwa marufuku kukanyaga pale. Pasi aliipigia barazani kwa shemeji, na jioni alirudi kwenye mkeka.

Mwezi ukapita. Kipimo bado kililia.

Mwashi alicheka kwa uchungu. Alisema sasa hana saruji wala nyumba, ana bustani ya wadudu. Dobi naye alikaa kwenye kizingiti akahisi mwili wote ni mzito. Mama Mboji hakuwabembeleza.

"Bado hawajazaliana vya kutosha," alisema. "Mimba ya mtu mnaingoja miezi tisa bila kulalamika. Hawa wanaomba mitatu."

Mwezi wa pili kipimo kililia kwa muda mfupi. Mwezi wa tatu Mama Mboji aliingiza mrija kwenye kona zote, chumba kwa chumba, akarudia. Kimya. Akapima juu ya nyasi: kidogo sana. Akawaambia warudi. Alisema atapita kila mwezi, maana ukame mkali au mafuriko huwadhoofisha walaji. Na pasi ipigwe barazani siku zote, hata kipimo kikikaa kimya milele.

Walihamia tena na vyombo vyao. Safari hii mume ndiye aliyefunga na kubeba. Dobi aliingia chumbani, akafungua dirisha, akajinyoosha kitandani kupima godoro tu.

Mchana ule mteja alikuja kuchukua mashati yake. Alimkuta mwashi ameketi mlango wa nyuma, akimwonyesha kwa kidole asipite kwenye nyasi.

"Dobi yuko wapi?"

"Amelala."

"Saa nane mchana? Anaumwa?"

"Haumwi," alisema mwashi kwa sauti ya chini. "Njoo kesho."