Nguzo Iliyosimama Langoni

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Fundi alimbeba binti yake mgongoni.

Si kwamba binti alikuwa mtoto. Alikuwa mwanamke mzima, mtengenezaji wa simu, mwenye ulimi mkali kama msumeno mpya. Watu wa mtaani walimwita Kasuku. Ila miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, na alitembelea kiti cha magurudumu. Ndani ya nyumba alikwenda atakako. Uani vilevile. Akifika langoni, basi.

Langoni palisimama nguzo ya umeme.

Ilisimama katikati kabisa, kama mgeni asiyejua kuaga. Mtu alipita kwa ubavu. Kuku alipita. Kiti hakikupita. Kwa hiyo Fundi alimbeba Kasuku, akapita upande upande kama kaa, akamkalisha nje kwenye kigoda. Kisha alirudi, akakikunja kiti na kukivusha juu ya ukuta.

"Baba, umenenepa wewe au imenenepa nguzo?"

"Nyamaza. Mzigo hausemi."

"Huu unasema, tena haulipi nauli."

Asubuhi moja kiuno cha Fundi kilikataa. Wote wawili wakaanguka. Kasuku akachubuka kiwiko. Fundi akabaki amekaa chini, anaitazama nguzo kama mtu anayemtazama mdeni wake.

Nguzo hiyo ililetwa wakati mke wake amelazwa hospitali. Fundi alikuwa huko, ameushika mkono wa mgonjwa. Aliporudi nyumbani bila mke, aliikuta imesimama. Hakuna aliyemwuliza. Wenye kalamu walikaa ofisini chini ya feni, wakachora mstari, na mstari ukapita mlangoni kwa mnyonge. Mlangoni kwa mkubwa ungekunja kona.

Na kilichomuuma zaidi kilikuwa nyuma ya nyumba. Huko liliegemea geti la mbao alilolitengeneza kwa mikono yake ya useremala, la milango miwili mipana. Marehemu ndiye aliyeliagiza. "Mtoto atoke mwenyewe," alisema. Nguzo ikawahi kabla halijafungwa. Tangu hapo, mvua ikinyesha, Fundi hulifunika kwa turubai kama anayemfunika mtu.

Wiki hiyo Kasuku hakufika kazini. Mwenye duka la simu akampigia. "Dada, mkono wako naukubali. Lakini nataka mtu anayefika kila siku. Usipofika wiki ijayo, nitatafuta mwingine."

Kasuku akamweleza baba yake maneno hayo.

Fundi akaingia stoo, akatoka na sururu.

"Baba, unakwenda wapi na hiyo?"

"Ile ni mti, na miti naijua. Naisogeza hatua mbili tu, iingie kiwanja cha jirani. Yeye ana uwanja mkubwa."

Alikuwa ameanza kuchimba mguuni mwa nguzo aliposikia sauti ya mwanamke.

"Shemeji! Unachimba kaburi la nani?"

Alikuwa mdogo wa marehemu, fundi wa umeme, mwenye mkoba wa vifaa begani. Alikuja kumjulia hali mpwa wake. Aliushika mpini wa sururu, hakuuachia.

"Huo si mti wa kitanda, shemeji. Nguzo inashikwa na udongo, na waya ule wa pembeni, na uzito wa nyaya za juu. Ukichimba, inalala. Ikilala, inalala na nyaya, na wewe na Kasuku mko chini yake."

"Kwa hiyo nikae hivi hivi? Nibebe mpaka nife?"

"Nani kasema ukae? Umewahi kuwaambia wenyewe kwamba inakuzuia?"

"Niwaambie? Hawana macho?"

"Umewahi, au hujawahi?"

Fundi akakitazama kiatu chake. Miaka yote alilalamika sokoni, msibani, kwa kinyozi. Ofisini hakuwahi kwenda.

"Haya," alisema shemeji. "Tunaandika ombi. Kasuku, leta karatasi."

Fundi akaanza kumtajia mwanawe maneno ya kuandika. "Andika: Ninyi watu msio na haya..."

"Baba, hii itatupeleka mahakamani badala ya kazini."

"Andika unachotaka, si kinachokuuma," alisema shemeji. "Nyumba iko wapi. Nguzo ina namba gani. Kila nguzo ina namba yake. Inamzuia nani, na vipi. Ambatanisha nakala ya hati ya kiwanja. Kisha taja inaweza kwenda wapi."

"Kwa jirani."

"Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi, eh? Jirani naye ana mlango wake. Bila ridhaa yake hawaiweki pale. Omba iende ukingoni mwa barabara, sehemu ya wote."

Kasuku akacheka. "Mama mdogo, mkomeshe!"

"Na mtu akija na ngazi akwambie atakusaidia njia ya mkato, mfukuze. Kazi hii ni ya shirika la umeme. Kama kuna cha kulipa, unalipa ofisini kwao na unapewa stakabadhi. Wala si lazima ulipe. Aliyejenga akaikuta nguzo hulipia kuhamisha. Lakini kama wao ndio waliokukuta, bila kukuomba, gharama inaweza kuwa yao."

"Walinikuta! Mtaa mzima unajua."

"Mtaa si ushahidi. Tutaona."

Walipeleka ombi, wakagongewa muhuri kwenye nakala yao. Mpimaji akaja, kijana mwenye kofia ya plastiki. Akaizunguka nguzo, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii nguzo au duka?"

Kwenye nguzo palikuwa na kibao kikubwa: SEREMALA. Fundi alikipigilia mwenyewe kwa misumari minene.

"Imenizibia mlango, nami nikaipa kazi," alijibu Fundi.

"Misumari hairuhusiwi. Fundi wetu akipanda itamchana. Halafu sioni mwaka. Sina cha kunionyesha kama nguzo ilitangulia au ulitangulia wewe."

Shemeji akageuka taratibu. "Shemeji. Nguzo za mti huchomwa alama ya mwaka kiwandani. Wewe umepigilia kibao wapi?"

Fundi alichukua nyundo ya kung'olea misumari. Kibao kikalia, kikaachia. Chini yake, mtini, palikuwa na alama nyeusi iliyochomwa moto. Kasuku akasogeza kiti, akausoma mwaka kwa sauti. Kisha akausoma mwaka wa hati ya kiwanja.

Hati iliitangulia nguzo kwa miaka minne.

"Miaka yote, Baba," alisema Kasuku, "umeipigia misumari haki yako mwenyewe."

Mpimaji akapiga picha. "Mlitangulia ninyi. Gharama ni yetu."

Haikuwa kesho yake. Wakubwa hawakimbii. Shemeji alikwenda kuulizia, Kasuku akapiga simu mpaka wakaijua sauti yake. Mwenye duka la simu, alipoonyeshwa nakala yenye muhuri, alikubali kungoja. Wakati huo alimletea simu mbovu nyumbani.

Siku ilipofika, mafundi wa shirika walitangaza kuzima umeme. Wakasimamisha nguzo mpya ukingoni mwa barabara, wakahamisha nyaya, kisha wakaing'oa ya zamani. Pakabaki shimo. Fundi alilijaza mwenyewe, akalishindilia mpaka likawa gumu kama sakafu.

Halafu akalitoa geti nyuma ya nyumba, akalipiga randa upya na kulifunga bawaba. Hakutaka mtu amsaidie. Milango miwili ikafunguka bila kulia.

Asubuhi Kasuku akafika langoni, begi la vifaa mapajani.

"Nikusukume?"

"Usithubutu."

Akapita. Huku na huku ilibaki nafasi ya kiti kingine. Akashika barabara, hakugeuka nyuma, ila alipunga mkono akijua anatazamwa.

Fundi alisimama palipokuwa na nguzo. Jirani akapita, akalipapasa geti.

"Kazi ya nani hii, Fundi? Nzuri! Lakini lifunge, vumbi linaingia."

"Liache liingie," alisema Fundi. "Binti yangu amekwenda kazini."